Ua Jekundu la Koko: Mimea Inayoishi Bila Kijani na Bila Jua

Mwezi huu nina mambo mawili. La kwanza ni kuomba msamaha. La pili ni kuwaeleza niliyojifunza baada ya kukosea.

Ilikuwa hivi. Siku ya Jumanne nilikuwa na wanafunzi wa mwaka wa tano, somo la mimea. Niliandika ubaoni: "Kila mmea una rangi ya kijani. Bila jua mmea hufa." Watoto wakasoma kwa sauti mara mbili tatu, kama kawaida yetu. Mtoto mmoja wa kiume aliyekaa nyuma akainua mkono. Akasema, "Mwalimu, koko wangu anasema kule kwetu msituni kuna ua jekundu linatoka chini kwenye udongo. Halina jani hata moja. Na kule chini ya miti jua halifiki."

Darasa likacheka. Mimi nami, kwa kuwa watoto walikuwa wengi na muda ulikuwa umekwisha, nikamjibu, "Hizo ni hadithi za usiku. Kaa chini." Akakaa. Kesho yake hakuja shule. Siku iliyofuata pia hakuja.

Ijumaa jioni bibi yake akanifuata nyumbani. Ni mama mzee kutoka Kivu ya Kusini, anatembea kwa fimbo. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwalimu, huyu mtoto hakuliona pori letu. Alitoka kule akiwa mgongoni. Yote anayoyajua ya nyumbani nimempa mimi. Sasa umemwambia kwamba mimi ni mwongo."

Nilikosa la kusema. Nikampa kiti, nikamwomba, "Koko, nisamehe. Hebu nielezee hilo ua mwenyewe."

Akanieleza. Linatoka kwenye majani makavu yaliyoanguka, karibu na mizizi ya miti mikubwa. Ni jekundu sana, na umbo lake ni kama nanasi changa lisilotimia hata ngumi. Lina magamba yenye ncha, ukilishika linachoma vidole. Ukichimba chini yake unakuta kitu kama kiazi chenye manundu, na hicho kiazi kimejishika kwenye mzizi wa mti. "Ukivuta," akasema, "unavuta na mzizi."

Kumbe lina jina

Mwalimu mwenzangu ana simu ya intaneti. Usiku ule tulitafuta mpaka chaji ikaisha. Tulilipata, na kila alichosema koko kilikuwa kweli, hata yale magamba.

Wataalamu wanaliita Thonningia sanguinea. Neno la pili ni la Kilatini, maana yake ni "ya rangi ya damu". Neno la kwanza linatokana na Peter Thonning, mtu wa Denmark aliyekusanya mimea katika pwani ya Afrika Magharibi, sehemu ambayo leo ni Ghana. Jina hilo liliandikwa kitabuni mwaka 1810. Mmea wenyewe unaota katika misitu ya Afrika kuanzia upande wa magharibi mpaka Kongo na Uganda. Hauna kijani hata chembe. Wanaosafirisha chavua yake ni nzi na chungu, kwa sababu ua lenyewe liko chini kabisa kwenye udongo.

Basi sentensi niliyoiandika ubaoni haikuwa kweli. Mimea mingi ina kijani, ndiyo, lakini si kila mmea.

Kijani ni jiko la mmea

Ili tuelewane, tuanze na jani la kawaida, tuseme jani la muhogo pale nyuma ya nyumba yako. Ile rangi ya kijani inaitwa umbijani, wengine husema klorofili. Kazi yake ni kama jiko. Moto wake ni mwanga wa jua. Mmea unachukua maji kutoka ardhini kwa mizizi, unachukua hewa ya kaboni kwa majani, halafu umbijani unatumia mwanga kupika vitu hivyo viwili viwe sukari. Sukari hiyo ndiyo inayojenga shina, jani, tunda na kiazi. Sombe unayokula, ugali unaokula, vyote vilianzia kwenye jiko hilo.

Sasa, mmea usio na umbijani hauna jiko. Hata ukiuweka juani mwaka mzima hauwezi kupika. Lakini nao lazima ule. Kwa hiyo unakula chakula kilichopikwa na mmea mwingine. Huo mwingine, unaolisha, tunauita mmea mwenyeji.

Hapa wanafunzi huuliza, "Je, uyoga?" Ni swali zuri. Uyoga si mmea. Uko katika kundi lake, kundi la kuvu. Uyoga hula vitu vinavyooza, kama miti iliyokufa na majani makavu, au hushirikiana na mizizi ya miti. Ninaozungumzia hapa ni mimea kamili, yenye maua na mbegu, jamaa wa mimea ya kawaida. Zamani zake ilikuwa na kijani, ikakiacha.

Njia za kupata chakula bila jiko ni mbili.

Njia ya kwanza: kunyonya kwenye mzizi au shina

Mmea unatoa kitu kama mdomo, unauingiza ndani ya mzizi au shina la mwenyeji, unanyonya maji na sukari. Ndivyo linavyoishi ua la koko. Duniani kuna zaidi ya aina 4,000 za mimea inayonyonya mingine. Mingi bado ina kijani kidogo, lakini baadhi imekiacha kabisa.

Upande wa nchi kavu, Kenya, Somalia, Ethiopia na Sudan, kuna mmea unaoitwa Hydnora. Unaishi ardhini kwenye mizizi ya migunga. Hauna jani wala shina la juu. Mvua ikinyesha unaweza kuona ardhi imepasuka, na kitu kinene cha rangi ya kahawia kinatokeza kama mdomo uliofunguka, ndani ni chekundu. Harufu yake ni ya mzoga. Wadudu wanaopenda mizoga wanaingia, wananaswa humo kwa muda, halafu wanatoka wamejaa chavua. Mtaalamu Thunberg wa Sweden alipoandika habari za ndugu yake mmoja wa kusini mwa Afrika, mwaka 1775, alidhani ni aina ya kuvu. Kwa hiyo mimi si mwalimu wa kwanza kukosea!

Mbali sana, katika kisiwa cha Sumatra nchini Indonesia, kuna Rafflesia. Hilo ndilo ua kubwa kuliko yote duniani. Upana wake hufika mita moja, yaani karibu sawa na mlango wa nyumba zetu za hapa. Lilipata umaarufu Ulaya baada ya safari ya mwaka 1818. Nalo halina jani, halina shina, halina kijani. Muda mwingi wa maisha yake ni nyuzi tu zilizojificha ndani ya mtambaa wa jamii ya mizabibu. Ua likichanua linakaa siku chache tu, linanuka nyama iliyooza, linakufa.

Kuna na wa tatu ambao huenda umewahi kuuona kwenye ua wa nyumba au kwenye kichaka kando ya barabara: nyuzi za rangi ya njano, kama mtu amemwaga uzi wa kushonea juu ya majani. Jina lake la kitaalamu ni Cuscuta. Mbegu ikiota ina siku chache tu za kumpata mwenyeji, la sivyo inakufa. Inajuaje aliko? Mwaka 2006 watafiti wa chuo kikuu cha Pennsylvania State, Marekani, walionyesha kwamba kimche cha Cuscuta kinafuata harufu ya nyanya iliyo jirani. Hakina pua, lakini kinainama upande ambako harufu inatoka.

Njia ya pili: kupitia kuvu

Hii ilinishangaza zaidi. Chini ya msitu mizizi ya miti haikai peke yake. Kuna kuvu wenye nyuzi nyembamba kuliko nywele, wamejishika kwenye mizizi. Kuvu wanaupa mti maji na madini ya udongo, mti unawapa kuvu sukari. Ni biashara, kila mmoja anapata. Sasa kuna mimea inayoingia katikati ya biashara hiyo. Inanyonya kuvu, na sukari ya mti inafika kwake kupitia kuvu.

Mmoja uko Amerika ya Kaskazini na Asia. Ni mweupe mtupu kama nta ya mshumaa, na Waingereza wanauita mmea wa mzimu. Una ndugu yake huko Ulaya. Mwaka 1960 mtaalamu Björkman wa Sweden alipachika sukari yenye alama ya mionzi ndani ya miti, halafu akapima ile mimea iliyoota chini ya miti hiyo. Akaikuta sukari ileile ndani yake. Hivyo ikajulikana kwamba chakula kinatoka kwenye mti, kuvu ndio wanaokipitisha.

Na huko Australia Magharibi, mwaka 1928, mkulima akiwa kwenye shamba lake aliona ufa mdogo ardhini. Akainama, akasikia harufu tamu. Alipofukua akakuta maua. Ni mmea unaoishi maisha yake yote chini ya udongo, hata kuchanua unachanua humohumo. Jua haulijui kabisa.

Wa karibu nasi: kiduha

Tusiende mbali tu. Kuna mmoja wa jamii hii anayekula mahindi na mtama wa watu wetu, Kongo, Burundi, Tanzania, Kenya na Uganda. Jina lake ni kiduha. Maua yake ni mazuri, aina moja ni ya waridi au zambarau, nyingine ni madogo mekundu. Watoto huyachuma. Lakini ni gugu baya sana.

Mbegu ya kiduha ni kama vumbi. Mche mmoja unatoa maelfu na maelfu ya mbegu, na zinaweza kukaa ardhini miaka kumi au zaidi bila kuota, zinasubiri. Zinasubiri nini? Mzizi wa mahindi au mtama hutoa dawa fulani kidogo sana ndani ya udongo ili kuwaita wale kuvu wema niliowataja. Mbegu ya kiduha nayo inasikia wito huo. Inaota, inajishika kwenye mzizi, inaanza kunyonya. Kwa wiki kadhaa iko gizani, haina kijani, wewe huioni. Unachoona ni mahindi yako yanadumaa, yanageuka njano, yananyauka kama yamekosa maji hata kama jana mvua ilinyesha. Kiduha kikitokeza juu kinapata kijani kidogo, lakini hakiachi kunyonya, na wakati huo hasara kubwa imeshatokea.

Kwa sababu hasara inakuja kabla mwizi hajaonekana, watu wengi walifikiri ni uchawi. Hata Waingereza wamekiita gugu la mchawi. Wazazi, naomba tuliseme wazi: shamba likikauka upande mmoja, usimtazame jirani. Tazama mzizi. Ng'oa mhindi mmoja taratibu, osha udongo, utaona vitu vidogo vyeupe vimejishika. Huyo ndiye mwizi wako.

Nini cha kufanya, kama una kibustani au unalima kwa mtu:

Kwanza, ng'oa kiduha kabla hakijatoa maua. Kikishatoa maua, usikitupe shambani, choma moto.

Pili, badilisha mazao. Msimu mmoja panda karanga, kunde au soya. Hizi zinaita mbegu za kiduha ziote, lakini hazizilishi, basi zinakufa. Muhogo nao haushambuliwi.

Tatu, weka mbolea ya samadi au mboji. Kiduha kinapenda udongo uliochoka.

Nne, usichukue mbegu za mahindi kutoka shamba lenye kiduha. Osha jembe na viatu ukitoka huko.

Huko Mbita, Kenya, kando ya Ziwa Viktoria, watafiti wa kituo cha ICIPE wamewafundisha wakulima kupanda mmea wa jamii ya kunde unaoitwa desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi. Mizizi yake inazuia kiduha kujishika, na majani yake ni chakula cha mbuzi na ng'ombe.

Swali lililonyamazisha darasa

Turudi shuleni. Jumatatu yule mtoto alikuja, koko mwenyewe alimleta mpaka mlangoni. Nilisimama mbele ya darasa nikasema, "Wiki iliyopita nilikosea. Mwenzenu alisema kweli, na koko wake alisema kweli." Nikafuta ile sentensi ya zamani, nikamwita yeye aandike mpya: "Mimea mingi ina kijani. Michache haina, nayo hula kwa mwenyeji." Halafu nikampa kazi ya kutunza mikebe miwili ya maharage, mmoja juani, mwingine chini ya boksi la katoni. Wote wawili walipewa maji sawa.

Siku kadhaa baadaye, tulipofika kwenye kiduha, binti mmoja akainua mkono. Kwetu neno "mwenyeji" watoto wanalijua tangu wadogo: nchi mwenyeji, jamii mwenyeji, wanalisikia kila mkutano. Akauliza, "Mwalimu, basi na sisi ndo kama kiduha? Tunakula mgao, na tunakaa kwa mwenyeji."

Hakuna aliyecheka. Nikaona watoto wote wananitazama. Wazazi, swali hili hakulitunga darasani. Amelisikia mahali, au amelifikiria peke yake usiku, na sijui lipi ni baya zaidi. Safari hii sikumwambia akae chini. Nilimwambia, "Nipe mpaka Ijumaa, mikebe itatujibu."

Ijumaa tulifunua boksi. Maharage ya juani yalikuwa mafupi, manene, kijani kibichi. Ya gizani yalikuwa marefu na membamba, meupe ya manjano, yameinama, majani madogo yamekunjamana. Yalikuwa yameishi kwa akiba iliyokuwa ndani ya mbegu. Mtoto mmoja akasema, "Haya sasa ni kama lile ua la koko, hayana kijani." Nikasema, tusubiri. Tukauweka mkebe ule juani bila boksi.

Jumatatu wote walikimbilia dirishani kabla ya kengele. Majani yalikuwa yameanza kuwa kijani.

Nikamwita yule binti. Nikamwambia, "Ua la msituni ukiliweka juani mwaka mzima halitageuka kijani, kwa sababu halina umbijani. Kiduha ukikitoa kwenye mahindi kinakufa. Lakini haragwe lilikuwa na kila kitu ndani yake. Lilifunikwa tu. Sisi ni haragwe." Akatazama mkebe, akauliza, "Na boksi litafunuliwa lini?" Hilo sikuweza kulijibu, na sikumdanganya. Nilimwambia tu kwamba haragwe gizani halikukaa bure. Lilirefuka kutafuta mwanga, ndiyo maana lilikuwa refu kuliko lenzake. Kusoma kwetu ni kurefuka huko.

Kazi ya nyumbani kwa familia

Fanyeni jaribio hili na watoto. Toboeni matundu chini ya mikebe miwili ya mafuta, wekeni udongo, pandeni maharage matatu kila mkebe. Mmoja uwe juani, mwingine chini ya boksi lililozibwa vizuri. Mwagilieni sawa. Baada ya siku kama kumi funueni, linganisheni, halafu uacheni ule wa gizani juani siku mbili tatu.

Pili, watoto, waulizeni wazee wenu: nyumbani kulikuwa na mmea gani usio na majani? Uliota wapi? Uliitwaje kwa Kibembe, Kifuliiru, Kirundi, Mashi au lugha yenu nyingine? Andikeni, mniletee shuleni. Tahadhari moja: mmea usioujua usiule wala usiunywe, hata kama una ua zuri, na mtoto mgonjwa apelekwe kituo cha afya.

Koko alipokuja kuchukua mjukuu wake nilimwonyesha picha ya ua lake kwenye simu. Aliitazama muda mrefu, akaisogeza karibu na macho. Kisha akasema, "Ndilo. Lakini hapo hawajaonyesha mti." Ni kweli, picha ilikuwa ya ua peke yake. Nikampa mjukuu karatasi na kalamu ya rangi, koko akamwelekeza, na yeye akachora mti mzima, mizizi na ua chini yake. Mchoro huo umebandikwa ukutani darasani. Karibuni mje muutazame.

Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda.

Ni mimi, mwalimu wenu wa kujitolea, mwaka wa tano.